Alama ya Mkono Juu ya Shimo la Mbegu

Maneno yale Enika aliyasikia chemchemini, na tangu siku hiyo hayakumtoka kichwani. Mwanamke mmoja wa boma la chini alikuwa akijaza mtungi wake huku akisimulia, na wenzake wanaguna.

"Alama ya mkono ikifutika juu ya shimo, mwenye mkono harudi. Hamkuona ya Doka? Mvua ilifuta alama yake, na mwezi haukuisha ikaja habari kwamba amefia huko huko jeshini."

"Nyamaza wewe, kuna mtoto hapa," mwenzake akamkatiza.

"Mtoto gani? Huyo si wa Kunomolo? Afadhali ajue mapema."

Enika alijitwika mtungi kabla haujajaa, akapanda kilima mbio, maji yakimmwagikia mgongoni kwa baridi ile. Hakwenda nyumbani kwanza. Alipitia nyuma ya banda la kondoo, kwenye shimo lao la mbegu. Aliinua kikofia cha majani makavu kilichofunika mdomo wa shimo, akatazama. Alama ilikuwepo. Vidole vitano, kiganja kipana, na chini ya kidole kidogo mkunjo wa kovu la mundu. Alishusha pumzi.

Hiyo ilikuwa miaka ya kwanza ya utawala wa Warumi katika kisiwa cha Britania, na kila boma kilimani pale lilikuwa na shimo lake. Shimo lilichimbwa kwenye mwamba mweupe laini, mdomo mwembamba, tumbo pana, kama chungu kikubwa kilichozikwa. Baada ya mavuno, mbegu ya ngano na shayiri ilimiminwa humo. Mdomo ulifunikwa kwa wavu wa fito, ukakandikwa udongo mzito, na shimo likaachwa lilale mpaka majira ya kupanda. Kisha mwenye boma aligandamiza kiganja chake kwenye udongo ungali mbichi. Mtu akija kuiba, atavunja alama, na hawezi kurudisha mkono wa mwenzake.

Mara ya mwisho kufunga, Kunomolo, baba yake Enika, alifanya kazi hiyo haraka, kwa kuwa wapanda farasi wa Warumi walikuwa wanamsubiri barabarani. Walikuwa wanakusanya wanaume wa kwenda kaskazini kuhudumia farasi wa jeshi. Aligandamiza mkono, akaufuta kwenye suruali, akamshika Enika kichwani.

"Siku ya kufungua shimo nitakuwepo," alisema. "Nani mwingine wa kuubandua mkono wangu?"

Toka siku hiyo, kila asubuhi Enika aliamka, akapuliza makaa, akatoa mbuzi, kisha akaenda kuweka kiganja chake ndani ya kiganja cha baba. Mkono wake ulizama mle kama kijiko ndani ya bakuli. Udongo ulikuwa baridi, lakini akiushikilia kwa muda ulipata joto, naye alijifanya hajui kwamba joto lile ni lake mwenyewe. "Umeamkaje, baba?" aliuliza. Baada ya hapo ndipo alipokwenda kumkanyagia mama udongo.

Mama yake, Senovara, alikuwa mfinyanzi. Vyungu vyake vilikuwa vinene, vyeusi, vya kufinyangwa kwa mkono, wala hakuwaonea wivu wafinyanzi wa mjini wenye magurudumu yao. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, lakini mtu akimtaja Kunomolo alinyamaza, akapiga udongo kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo Enika hakumwambia ya chemchemini. Aliyabeba peke yake, kutwa nzima, siku hadi siku.

Siku chache baadaye upepo mkali uliing'oa ile kofia ya majani na kuitupa bondeni. Mvua ikanyesha, usiku wake maji yakaganda kuwa barafu, asubuhi yakayeyuka. Enika alipokwenda kumwamkia baba, aliona ufa umepita katikati ya kiganja, na kidole gumba kimeinuka kama gamba la mti.

Alikuwa bado amepiga magoti pale Velvina alipotokea. Velvina alikuwa binti wa baba mdogo Uriko, mkubwa kwake kwa mwaka mmoja, na mdomo wake haukuwahi kupumzika.

"Wee, unamwamkia nani? Shimo linakujibu?"

"Nyamaza, Velvina. Angalia kidole gumba."

Velvina aliinama. Mzaha ukamtoka usoni. "Kimeachia. Barafu ikishuka tena, kinang'oka."

"Na mkono wote utafuata. Ndiyo maana nataka kuutoa, niuchome."

"Uuchome! Umelamba udongo mwingi wewe, umepanda kichwani."

"Sikiliza kwanza. Udongo wa mama ukiwa mbichi, maji yanauyeyusha. Ukipita kwenye moto unakuwa chungu, hata ukiuacha mtoni hauyeyuki. Nikiuchoma mkono huu leo, hautafutika tena maisha."

Velvina alikuna shingo. "Na shimo?"

"Tutakandika udongo mwingine. Mama yuko bondeni kwenye tanuri, baba mdogo analima. Nani atajua?"

"Baba anasema shimo lina pumzi. Siku ya kufungua lazima watoto tukae mbali huko, pamoja na mbuzi."

"Wanatufukuza ili wale uji wa kwanza bila sisi. Na baba yako si anasema hata maksai wake anamwelewa akiongea?"

"Anamwelewa kweli!" Velvina akacheka, na kwa kicheko hicho wakawa wameshakubaliana.

Walichukua mundu wa zamani wa Kunomolo, wakakata udongo kuizunguka alama, polepole, kama watu wanaokata mkate wa moto. Vidole vinne vilitoka vyote katika kipande kimoja. Kiganja kikatoka kwa shida, kimepasuka mara mbili. Wakaviweka juu ya majani. Kilibaki kidole gumba. Enika alipokigusa, wavu wa fito uliokuwa chini yake, ambao ulikuwa umeoza bila mtu kujua, ulikatika. Kidole kikatumbukia shimoni.

Harufu ikapanda, nzito na chachu, kama pombe ya shayiri iliyolala. Warumi walikuwa wamechukua fungu lao la nafaka wakati wa mavuno, kwa hiyo shimo halikujaa. Mbegu ilikuwa chini sana, kama kimo cha mtu mzima, na juu yake kidole gumba cha baba kilionekana, kimelala kizima.

"Kipo! Nashuka mara moja tu."

"Enika, acha. Tumwite mama yako."

"Bila kidole gumba si mkono wake!"

Velvina alimtazama mwenzake, akaona machozi yameshafika. "Haya. Lakini jifunge kamba ya mbuzi kiunoni. Ukikwama humo, mimi ndiye nitakayechapwa."

Waliondoa udongo na fito zilizobaki mdomoni, wakaingiza gogo la bandani lenye mikato ya kukanyagia. Enika alishuka. Kiuno kikapita mdomo wa shimo, kifua kikapita, kichwa kikapita. Alivuta pumzi, pua ikamchoma kama amenusa siki. Akavuta tena. Kifua kilipanda na kushuka, lakini hakikupata kitu. Alitaka kusema "Velvina", na ulimi haukuwa wake. Miguu pia haikuwa yake. Kitu cha mwisho alichokiona ni kile kidole, karibu kabisa na mkono wake.

Yaliyofuata alisimuliwa baadaye.

Velvina aliona kamba imekazika ghafla. Aliita, hakujibiwa. Alivuta, kamba ikamteleza na kumchubua viganja. Alizungusha ncha yake kwenye nguzo ya banda, akaifunga, akapiga mayowe. Halafu akafanya ambalo mtu yeyote mwenye moyo angetaka kulifanya: akakaa ukingoni, akatia miguu ndani, ili ashuke kumtoa mwenzake.

Senovara alikuwa anapandisha kilima, ana udongo mpaka viwikoni. Alisikia mayowe, akamwona Velvina pale ukingoni.

"Usishuke!" Sauti yake ilisikika hadi shamba la Uriko. "Velvina, toa miguu humo! Toa! Usishuke!"

Velvina alitoa miguu. Senovara alifika, mikono yake inateleza kwa udongo, akaiviringisha kamba mkononi kama mtu anayefunga kidonda. "Vuta nami. Geuza uso pembeni, usipumulie mdomo wa shimo. Vuta!" Wakavuta. Enika alitoka mdomo wa bluu, uso rangi ya jivu. Mama akamburuta mbali kwenye upepo, akamlaza ubavu, akampiga mgongoni, akamwita jina lake na majina yote aliyompa utotoni.

Enika alikohoa. Akatapika. Akafumbua macho.

"Kidole," alisema.

"Kidole gani, mwanangu?"

"Cha baba. Kimeanguka."

Senovara aligeuka, akaona vipande vya mkono vimepangwa juu ya majani. Hapo ndipo alipokaa chini kwenye matope na kulia. Enika hakuwahi kumwona mama akilia. Hata siku baba anaondoka, mama alikanda udongo tu.

Uriko alifika anahema, jembe bado liko mkononi. Alipoelewa, hakugombana na mtu. Alikwenda ndani, akarudi na taa ndogo ya mafuta ya kondoo, imewashwa, akaifunga uzi.

"Tazameni nyote wawili," alisema.

Aliishusha taa shimoni. Ilipopita mdomo tu, mwali ukafifia, ukazima. Akaivuta, akaiwasha, akaishusha. Ikazima tena.

"Nani kaipuliza?" aliuliza.

"Hakuna," Velvina akanong'ona.

"Hakuna. Mbegu zilizo karibu na ukuta hupata unyevu, zikaanza kuota. Zinakula hewa yote nzuri iliyomo, zinaacha mbaya. Hewa hiyo mbaya ndiyo inayoua wadudu, na mbegu nyingine zinalala salama. Inatulindia mbegu sisi. Lakini haijui kuchagua mdudu na mtoto. Mtu anavuta mara mbili, tatu, anaanguka. Anayemfuata kumtoa anaanguka juu yake. Nilipokuwa kijana, boma moja ng'ambo ya bonde walizika watu wawili siku moja kwa namna hiyo."

"Mbona hamkutuambia?" Velvina aliuliza. "Mnatufukuza tu. 'Nendeni na mbuzi, shimo lina pumzi.' Sisi tulidhani mnakula uji."

Uriko aliiweka taa chini. "Hilo ni kosa letu," akasema.

Mama alikuwa amemfunika Enika kwa shuka la sufu. "Na wewe kwa nini hukuniambia kinachokusumbua?"

"Ukisikia jina la baba unanyamaza, mama. Nikaona nikikuambia alama inafutika, utanyamaza moja kwa moja." Kisha akayatoa yote, ya chemchemini, ya Doka, ya mvua.

Uriko alicheka kwa hasira. "Mwenye mkono harudi! Miye alama yangu imefutwa na kuku, na mvua, na huyu huyu Velvina akiwa na miaka mitatu, kaikojolea. Mbona nipo na kila jioni nakula uji wenu?"

Velvina aliinamisha kichwa. "Baba, hilo si lazima ulisimulie kila siku."

"Doka alikufa kwa homa," Senovara alisema taratibu. "Na alama za maboma yote ya chini zilifutika mwaka ule, kwa sababu hawakuzifunika. Wanaume wao wengine walirudi salama." Akamvuta binti yake karibu. "Mimi hunyamaza kwa sababu nikitamka jina lake naona kama nitapasuka. Sikujua kwamba na wewe unapasuka kando yangu. Kila asubuhi, Enika, ukiwa bado unapuliza makaa, mimi nilikuwa nakwenda kuweka mkono wangu pale pale."

Enika aliushika mkono wa mama yake. Kumbe lile joto alilokuwa akilisikia kwenye alama halikuwa lake peke yake.

Lakini shimo lilikuwa limefunguliwa, na shimo likishafunguliwa halirudishwi usingizini. Unyevu ungeingia, na mbegu yote ingeota mle mle. Bila mbegu hakuna kupanda. Siku hiyo hawakufanya kitu ila kupepea mdomo wa shimo kwa ngozi ya ng'ombe, na kushusha na kupandisha kapu tupu ili kuikoroga hewa, kisha wakazungushia ua na Uriko akakaa kulinda. Kesho yake taa ilishuka hadi chini, ikawaka. Hata hivyo Uriko alishuka amefungwa kamba, watu wazima wawili wameishika juu, na taa mbele yake.

Tabaka la pembeni lilikuwa limeoza, wakawapa nguruwe. Mbegu ya katikati ilikuwa kavu, nzuri, inang'aa. Waliitia wapi? Senovara alikuwa na mitungi kumi na mmoja mipya, aliyoifinyanga majira yote ya baridi ili abadilishane na chumvi. Aliijaza mbegu mitungi yote kumi na mmoja, akaiziba kwa nta. Mwaka ule, hadi mavuno, walikula uji usio na chumvi, na Enika hakuthubutu kulalamika hata siku moja.

Kidole gumba kilipatikana juu ya mbegu, lakini Uriko alipokigusa kilivunjikavunjika kama jibini iliyokauka.

"Nitauchoma uliobaki," Enika alisema.

"Huwezi," mama alimjibu. "Udongo huu una vumbi la mwamba mweupe na majani. Ukitia motoni utalipuka. Lete huku."

Senovara alipanga vipande juu ya mchanga, kiganja na vidole vinne, vikashikana. Akavinyunyizia jivu laini. Kisha akachukua udongo wake wa vyungu, aliouchanganya na unga wa gumegume, lile jiwe la kupigia cheche, akaugandamiza juu ya alama polepole, kwa uzito wa mwili wake wote. Akasubiri. Akaubandua na kuugeuza.

Enika alishika mdomo. Alama ilikuwa tundu, mahali mkono ulipokuwa na haupo. Kilichogeuzwa sasa kilikuwa mkono wenyewe, umeinuka, una mistari yake na kovu lake la mundu. Uliingia tanurini pamoja na vyungu vya majira ya kupanda, ukatoka mwekundu na mgumu. Mama aliuweka ukutani karibu na meko.

"Hauna kidole gumba," Velvina alisema.

"Hicho anacho mwenyewe," mama akajibu. "Akija atatuletea."

Walipanda, mvua ikanyesha, shayiri ikachipua. Siku ya kufungua shimo ilikuwa imepita bila Kunomolo. Wachuuzi walileta habari nyingi kutoka kaskazini, nyingine nzuri na nyingine mbaya, na hakuna hata moja iliyokuwa na jina lake. Lakini jioni Enika na mama yake walikaa karibu na meko, chini ya ule mkono, na sasa walimzungumzia. Jinsi alivyokoroma. Jinsi alivyowaogopa bata.

Baada ya mavuno shimo lilipozibwa upya, Senovara aliwakalisha watoto wote wa kilimani mbele yake, wakubwa kwa wadogo, na Enika mbele kabisa. Hakuwafukuza kwenda na mbuzi. Aliwaonyesha taa inavyozima ikishushwa katika mtungi wa pombe inayochacha, akawaonyesha kovu la kamba mkononi mwake. "Kila mwaka nitawaambia haya haya," alisema, "hata mkinichoka. Mtoto aliyefukuzwa bila kuambiwa sababu, atarudi kuitafuta sababu mwenyewe." Kisha akawahesabia mambo ya kuepuka:

Epukeni kufungua shimo lililozibwa, hata kama ni la kwenu.

Epukeni kushuka kwenye shimo, kisima au pango lililofungwa muda mrefu. Hewa mbaya haionekani, na si kila mara hunuka.

Epukeni kuingiza kichwa ili kuchungulia tu.

Epukeni kumfuata mwenzenu aliyeanguka ndani. Pigeni kelele, iteni watu wazima, vuteni mkiwa nje.

Epukeni kusema taa inawaka, basi nishuke. Taa ni ya mtu mzima mwenye kamba na wenzake.

Epukeni kumficha mama jambo linalowanyima usingizi.

Epukeni maneno ya chemchemini, mpaka mmeyauliza nyumbani.

Na epukeni kumngoja mtu mkiwa peke yenu. Njooni tukae, tumngoje pamoja.